Mandhari Si Pambo: Usawiri wa Mahali katika Bunilizi

Mandhari ni mahali na wakati ambamo matukio ya kazi ya kifasihi hutendeka, pamoja na hali ya kijamii inayowazunguka wahusika. Hata hivyo, watunzi chipukizi wengi huyachukulia kuwa pambo la kufungulia hadithi. Athari ya insha za shuleni bado huwaandama: jua huchomoza likitabasamu, ndege huimba matawini, umande humeremeta nyasini, kisha ndipo mhusika hujitokeza. Aya ya namna hiyo yaweza kuhamishwa kutoka Lamu hadi Busia bila neno hata moja kubadilishwa. Maelezo yanayofaa kila mahali hayaelezi mahali popote.

Mandhari yenye uhai hufungamana na haja ya mhusika. Mfano mzuri ni mvua katika eneo la Trans Nzoia. Mwezi wa Machi, mkulima aliyekwisha kutayarisha shamba huingojea kwa hamu ili apande mahindi. Mvua iyo hiyo ikinyesha Novemba, mavuno yakiwa yameanikwa uani, humtia kiwewe, kwani mahindi yenye unyevu huota kuvu na kukosa wanunuzi. Mtunzi hahitaji aya nzima ya rangi ya mawingu. Akimwonyesha mama akikimbia kulikunja turubai kabla mahindi ya karo hayajalowa, msomaji ataiona mvua, ataujua msimu na kuielewa hali ya jamaa ile kwa pamoja.

Riwaya za Kiswahili zinaithibitisha hoja hii. Katika *Siku Njema* (1996), Ken Walibora anamsafirisha Kongowea kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Umbali huo ni sehemu ya mtihani wa mhusika. Ukiondolewa, msuko unaporomoka. Shaaban Robert naye, katika *Kusadikika* (1951), anaiweka nchi yake angani, mahali pasipo kwenye ramani. Mandhari hayo ya kubuni yalimpa nafasi ya kuusuta utawala dhalimu bila kuitaja serikali yoyote, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza.

Kutokana na mifano hii, mtunzi hana budi kuzingatia mambo matatu. Kwanza, ateue maelezo machache yanayohusiana na tendo. Pili, ayapitishe katika hisi za mhusika, yaani harufu, sauti na mguso, wala si macho pekee. Mvuvi na mtalii hawaioni bahari kwa jicho moja. Tatu, ayatawanye ndani ya matendo badala ya kuyarundika mwanzoni.

Njia rahisi ya kujipima ni kuihamishia hadithi mahali pengine. Iwapo hakuna tukio linalovurugika wala mhusika anayelazimika kutenda vingine, mandhari hayajaandikwa bado, na mtunzi hana budi kuurudia mswada wake.