Sikio la Mzinga

Sogeeni, wajukuu, niwaeleze jinsi mzinga wangu ulivyopata sikio.

Nyuki wetu wa huku Kibondo hawakai mahali kwa kubembelezwa. Njaa ikiingia, au nyegere akiwasumbua kila usiku, wanaondoka wote na kukuachia gogo tupu. Ndiyo maana baba yangu, kabla hajawasha moshi, alikuwa akibandika sikio ubavuni mwa mzinga. Akisikia mvumo mzito uliotulia, alijua wenyewe wapo. Akikuta kimya, alishuka mtini bila kusema neno.

Sasa kaka yenu anayesoma Kasulu alikuja likizo na kisanduku chake. Ndani alikuwa ameweka ESP32, chipu ndogo yenye waifai ndani yake, pamoja na kipima joto na betri inayochajiwa na sola. Alikifunga kwenye mzinga ule ulio nyuma ya migomba, na kila robo saa kikawa kinarusha joto la mzinga hadi nyumbani bila waya wowote. Nilifurahi, lakini nikamwambia: joto nimeliona, mjukuu wangu, ila nyuki husikilizwa.

Akaenda akanunua maikrofoni. Ni kidude cha duara kama kidonge, kimekaa juu ya kibao chenye kikuza sauti, na kinatoa nyaya tatu: chanya, hasi, na wa tatu unaobeba sauti. Akaunganisha, akaandika programu isome namba moja na kuionyesha. Nyuki wakivuma inakuja 2041. Nikigonga gogo inakuja 2052. Usiku wa manane inakuja 2047. Kijana akanuna, akadhani maikrofoni ni mbovu.

Haikuwa mbovu. Sikilizeni hapa vizuri, maana ndipo penye kiini chenyewe. Sauti ni hewa inayosukumwa na kurudi, kusukumwa na kurudi. Mabawa ya nyuki hupiga zaidi ya mara 200 kwa sekunde, na hewa inatikisika pamoja nayo. Maikrofoni hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka, na chipu huusoma umeme huo kama namba kati ya 0 na 4095. Pakiwa kimya, umeme hutulia katikati, karibu na 2048. Pakiwa na sauti, unapanda juu ya hapo na kushuka chini ya hapo upesi mno.

Mliofika Kigoma mjini mmeliona Ziwa Tanganyika siku ya upepo. Ukichomeka fimbo majini na kutazama mara moja tu, utajua maji yalifika wapi wakati ule, lakini hutajua kama ziwa limechafuka. Lazima ukae kidogo, uone wimbi linapanda mpaka wapi na linashuka mpaka wapi. Umbali kati ya kilele na bonde ndio ukubwa wa wimbi.

Kijana akabadilisha programu. Kwa sehemu ya ishirini ya sekunde, chipu isome mfululizo na kushika namba mbili tu, kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote, kisha itoe moja kwenye nyingine. Muda huo ni mfupi kwetu, lakini mvumo wa mitikisiko 250 kwa sekunde unapata nafasi ya kupanda na kushuka mara kumi na mbili. Alfajiri ya baridi tofauti ikawa 40. Mchana, nyuki wakitoka na kuingia, ikawa 160. Tofauti ikiongezeka maradufu, sauti imepanda takriban desibeli 6. Kwa hiyo kutoka 40 hadi 160 ni desibeli 12.

Tukashangilia, kumbe bado. Akiwasha waifai, namba zinakufa. Chipu hiyo ina visomaji viwili vya umeme, na waifai hukitumia kile cha pili. Waya wetu ulikuwa huko huko. Akauhamishia pini ya 34, inayosomwa na kile cha kwanza. Halafu tukagundua kwamba redio ya waifai ikirusha, inavuta umeme kwa pupa, volti zinayumba, na maikrofoni inasikia kelele ambazo hakuna aliyezipiga. Basi kisanduku kikafundishwa adabu: kwanza kisikilize, redio hiyo ikiwa imezimwa, ndipo kiseme.

Msidhani ni mchezo wa kwetu peke yetu. Kusini ya Kasulu, ng'ambo ya Mto Malagarasi, katika Bonde la Issa, watafiti wa sokwe waliwahi kufunga vinasa sauti vya sola vilivyorusha milio ya sokwe kwa redio hadi kambini. Na huko Uingereza, miaka ya 1950, fundi wa sauti wa BBC aliyeitwa Eddie Woods alisikiliza mizinga mpaka akatambua kwamba mvumo hubadilika siku kadhaa kabla kundi halijagawanyika. Alitengeneza chombo cha kuusikia. Lakini chombo chake kilitofautisha sauti nene na nyembamba, wakati chetu kinajua kubwa na ndogo tu. Usiku mmoja wa Januari namba iliruka hadi 900. Tulitoka na tochi tukijua ni nyegere, tukaloa. Ilikuwa mvua.

Kisha likaja jambo lililomnyima kijana usingizi. Namba ya mchana ilianza kushuka: 160, siku ya pili 130, wiki ikapita ikawa 50. Akasema, babu, nyuki wanahama. Nikamwambia nyuki wakihama hawahami kwa awamu. Ukiwaona leo, kesho hawapo. Tukaenda jioni. Nikabandika sikio kwenye gogo kama baba yangu. Mvumo ulikuwa mzito, uleule.

Tukapuliza moshi, tukaichomoa maikrofoni kwenye tundu lake. Wavu wa chujio la chai tulioufunga mbele yake ulikuwa haupitishi hata pumzi. Nyuki walikuwa wameuziba wote kwa gundi yao ya kahawia, kama wanavyoziba ufa wowote nyumbani mwao. Kijana aliukwangua kwa kisu, taratibu, tundu moja moja. Kesho yake mchana ikarudi 155. Kipande cha gundi yenyewe hiki hapa, kinuseni, bado kinanukia.