Kuhamia Guanajuato: Usiingie Kama Mtalii

Tulipohamia Guanajuato, Meksiko, viza za ukaazi tulishazipata ubalozini. Kosa likawa langu: uwanja wa ndege nilitoa pasipoti bila kusema neno, nusura tuandikwe watalii. Mke wangu ndiye aliyeonyesha ukurasa wa viza. Tukaandikiwa “canje” na siku 30. Hakikisha neno hilo kabla hujaondoka dirishani, kisha ndani ya siku hizo nenda uhamiaji ukaombe kadi. Ukiandikwa mtalii, huenda ukaanza upya.

Maji ya bomba usinywe. Nunua dumu la lita 20. Mji uko mita 2,000 hivi juu ya bahari, nao ni vilima na vichochoro; panda polepole. Ukiingia dukani, anza na “buenos días”. Kama kwetu, salamu kwanza, shida baadaye.