Unaunganisha Ndege Doha ama Dubai? Soma Hii Kabla Umlipe Broka wa Kukuonyesha Njia

Viza imeingia, tiketi iko kwa simu, na mtaa mzima ushajua unaenda majuu. Halafu broka anakupigia: "Sasa hapo Doha utashuka ubadilishe ndege. Hiyo eapoti ni kubwa, watu hupotea. Nitumie thao kumi na tano nikupangie msee wa kukushika mkono." Ukicheki M-Pesa, hizo ndizo doo ulikuwa umewekea mathee ya kodi. Unatuma ama hutumi?

Jibu fupi: wasee wengi hawahitaji. Kuna wenye wanahitaji kweli, na wengi wao wanaeza saidika bure wakiuliza mapema. Halafu kuna ngori za transiti zenye hakuna msindikizaji anaeza kukutoa, hata umlipe pesa ngapi. Hizo ndizo za kuogopa. Twende pole pole.

Ni kama kuunganisha mat tao

Ukitoka Rongai ukienda Kikuyu, unashuka tao, unatembea hadi stage ingine, unadandia gari ya pili. Transiti ni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba eapoti hakuna kamagera wa kukuvuta begi akipiga kelele, mabango yako kila kona, na kila geti ina namba. Kama umewahi kupata gari yako Machakos Country Bus siku ya kuamkia Krisi, geti ya ndege haitakushinda.

Kazi kubwa inafanyika hapa nyumbani, kwa kaunta ya JKIA. Uliza maswali mawili tu. La kwanza: "Hii begi inafika mwisho wa safari?" La pili: "Nimepewa bodingi pasi zote mbili?" Usione haya, hiyo ndiyo kazi yao.

Halafu angalia ile karatasi wanabandika kwa begi. Kila eapoti ina herufi tatu: NBO ni Nairobi, DOH ni Doha, DXB ni Dubai, ADD ni Addis Ababa. Kama unaenda Toronto kupitia Doha, unataka kuona YYZ kama mwisho wa safari. Ukiona inaishia DOH, sema hapo hapo kabla begi imezwe na mkanda.

Ukishuka kwa ndege ya kwanza, fuata bango la "Transfer" ama "Connections". La "Arrivals" ama "Baggage" liache, hilo linakupeleka uhamiaji na nje. Utapita ukaguzi tena: mkoba kwa mashine, mshipi nje, simu kwa sinia. Eapoti nyingi bado hazikubali kimiminika cha zaidi ya mililita 100 kwa mkoba, kwa hivyo maji maliza kabla ya kufika hapo, chupa tupu itajazwa mbele.

Baada ya hapo tafuta skrini. Soma namba ya ndege, zile herufi mbili na tarakimu zake, usisome jina la mji peke yake. Ndege za London zinaeza kuwa tatu kwa skrini moja. Geti ikitokea, nenda uione kwa macho kwanza, ndio urudi kutafuta chai. Na ucheki skrini tena baadaye, maana geti hubadilishwa.

Saa nayo imewaangusha wengi. Muda kwa bodingi pasi ni wa mahali uko, si wa Nairobi. Doha na Addis wako sawa na sisi. Dubai wako mbele na lisaa limoja, kwa hivyo simu ikikataa kujibadilisha, unaeza kaa ukijua una lisaa na geti ishafungwa. Addis pia kuna kastori: Wahabeshi huhesabu saa kama sisi kwa Kiswahili, saa moja asubuhi ni saa moja. Mtu akikuambia saa kwa mdomo, rudi kwa skrini, hiyo inatumia saa ya kimataifa.

Doha ni rahisi kuliko vile broka anasema. Hamad ilifunguliwa 2014 na ina terminali moja ya abiria. Katikati kuna dubu kubwa ya manjano yenye taa kichwani, kazi ya msanii Urs Fischer. Mkiwa wengi na mpoteane, patana hapo, kila mfanyakazi anaijua. Dubai ndiyo inataka umakini. Emirates iko Terminali 3, yenye geti zinaanza na A, B ama C, na ukitoka B kwenda A kuna treni ya ndani. Flydubai wanatumia sana Terminali 2, na abiria wa transiti hupelekwa huko na basi. Kwa hivyo soma namba ya terminali kabla ya namba ya geti.

Ngori zenye msindikizaji hawezi kutatua

Hapa ndipo wasee hulala kwa viti vya eapoti wakilia, na si kwa sababu walipotea njia.

Ya kwanza ni tiketi mbili tofauti. Unapata bei tamu: Nairobi hadi Dubai kwa shirika moja, halafu Dubai hadi Ulaya kwa lingine, kila moja imelipiwa kivyake. Hapo hakuna koneksheni, ni safari mbili. Begi inaeza kukungoja upande wa nje, kumaanisha unapita uhamiaji, na kumaanisha unahitaji ruhusa ya kuingia nchi ya watu. Ndege ya kwanza ikichelewa, ile ya pili haina habari na wewe, na tiketi imeenda hivyo. Ukiwa na tiketi moja yenye safari zote, ndege ya kwanza ikichelewa ni jukumu la shirika kukutafutia nyingine bila kukulipisha upya. Kabla ulipe, muulize ejenti wazi: "Hii ni tiketi moja ama mbili?"

Ya pili ni viza ya transiti. Ukipitia Marekani, hata kama unaenda nchi ingine, lazima uwe na viza yao, upite uhamiaji, na kwa kawaida uchukue begi na kuirudisha tena. Ukipitia London, Mkenya kwa kawaida anahitaji viza ya transiti hata kama hatoki nje ya eapoti, isipokuwa wachache kama wenye viza halali ya Marekani ama Kanada. Hii kitu hukamatwa JKIA. Yule msee wa kukungoja London ashalipwa, na wewe hujatoka Embakasi.

Ya tatu ni muda. Kila eapoti ina muda mdogo kabisa wenye umewekwa wa kubadilisha ndege, na tiketi moja haiuzwi chini ya hapo. Lakini muda mdogo si muda wa kutosha. Kama ni safari yako ya kwanza, chagua ya masaa matatu hivi badala ya lisaa moja na nusu. Masaa ya ziada ni msaada wenye haulipishwi.

Nani anahitaji msaada, na uko wapi bure

Sasa tuongee ukweli. Shosho wa miaka 74 anaenda kuona wajukuu Minnesota, hasomi Kiingereza, magoti yanauma. Huyo usimwambie "fuata mabango". Huyo anahitaji mtu.

Lakini usikimbilie broka. Piga simu kwa shirika la ndege ama ingia kwa tovuti yao uitishe kiti cha magurudumu. Kwa tiketi huandikwa WCHR, kumaanisha mtu anaeza panda ngazi lakini hawezi kutembea mbali. Mfanyakazi anampokea mlangoni mwa ndege, anampitisha ukaguzi, anamfikisha geti ya pili. Kwa kawaida huduma hii hulipishwi. Eapoti za Umoja wa Ulaya sheria yenyewe inasema ni bure kwa mwenye shida ya kutembea, na inataka uitishe angalau masaa 48 kabla. Tumia muda huo kila mahali, usingoje asubuhi ya safari.

Kuna herufi zingine wengi hawazijui: MAAS. Hiyo ni ombi la kupokelewa na kuelekezwa, kwa mtu mwenye anatembea vizuri lakini ni mzee, ama lugha inamsumbua. Si kila shirika huikubali, na masharti yanatofautiana, lakini kuuliza ni bure. Ukikubaliwa, hakikisha imeandikwa kwa bukingi, si ahadi ya simu.

Mtoto akisafiri peke yake ni hadithi nyingine. Mashirika mengi yana huduma ya mtoto asiye na mzazi, inalipiwa, na anakabidhiwa mkono kwa mkono. Hapo lipa bila kunung'unika, na umlipe shirika lenyewe.

Lini kulipa kuna maana

Mama mwenye mapacha na mtoto wa mgongo, koneksheni fupi Dubai, hakuna wa kumsaidia. Ama una doo na hutaki stress. Sawa kabisa. Huduma halali zipo: Dubai kuna marhaba, Doha kuna Al Maha. Unalipa kwa tovuti yao, unapata risiti, na mtu mwenye sare anakungoja na bango la jina lako.

Jua tu unanunua nini. Unanunua mwenzako wa kutembea naye. Hawezi kukupatia viza na hawezi kuambia rubani angoje.

Pasipoti haiendi kwa mkono wa msee humjui

Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchunga hao wa "nitakupangia mtu". Kama hakuna risiti, hakuna kampuni, ni jina tu na namba ya WhatsApp, hujui ni nani anakungoja. Kuanzia 2022 kuna Wakenya waliahidiwa kazi poa Thailand, wakapokelewa huko na watu, wakajipata wamevushwa hadi kambi za utapeli Myanmar. Walipata mtu wa kuwaonyesha njia, lakini njia ilikuwa yake.

Kwa hivyo shika haya. Pasipoti unampa afisa kwa kaunta na anakurudishia hapo hapo. Mtu akisema "mipango imebadilika, tunashukia nchi ingine", simama, tafuta mfanyakazi wa eapoti mwenye sare na beji, umwambie kwa sauti. Usibebe mzigo wa mtu, hata akuambie ni dawa ya shangazi yake. Kama unaenda kazi, cheki kama ejenti wako yuko kwa orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Na uandike namba ya ubalozi wa Kenya kwa karatasi, maana simu huzima wakati mbaya.

Kabla utoke keja: piga picha ya tiketi na pasipoti, mtumie mtu mmoja mwenye unamwamini, beba chaja kwa mkoba wa mkononi, na mwambie huyo mtu saa yenye unafaa kufika kila eapoti. Ukifika, ingia Wi-Fi ya bure umwandikie "nimeshuka". Ukikosa kuandika, kuna mwenye atajua pa kuanza kukutafuta. Kama kuna mtu wako anasafiri mwezi huu, mtumie hii kabla broka hajampigia.