Mwalimu wa Kabumbu na Wazazi wa Salgaa

Salgaa, wanapolala madereva wa malori yatokayo bandarini kwetu Mombasa kwenda Uganda, nilimkuta mwalimu mpya wa kabumbu amewaita wazazi kabla hajautoa mpira. Kila mtoto atacheza, alisema, hata goigoi. Mzazi asifoke kando ya uwanja. Na mazoezi yatakwisha jua lingali juu.

Baba mmoja, dereva, akang'aka: "Mwanangu mfungaji, ampishe nani?"

"Mzee wangu, tuteteane leo, tusije tukateta mbele yake."

Nilikumbuka chuoni. Mamangu na maalimu walipatana siku ile ile ya kwanza, nami sikuulizwa!

Kisha mama mmoja akauliza: mpira ukivuka barabara, nani ataufuata? Msomaji, hilo si swali la mchezo. Sachangwan, mbele kidogo, tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka. Watu walikwenda kuchota, na moto ukaua zaidi ya 100.

Mwalimu alikiri hakuliwaza hilo. "Nitaufuata mimi. Nisipokuwapo, na upotee."

Yule dereva, ajuaye breki za lori kwenye mteremko ule, alinyamaza kitambo. "Mwalimu, ukipotea," akasema, "mwengine nitanunua mimi."