Walmsley alivyokata upepo porini

Timu ikishambulia kama nyuki tangu filimbi ya kwanza, dakika ya 70 utaiona inashika kiuno. Ndicho kilichomkuta Mmarekani Jim Walmsley mwaka 2017, ila uwanja wake ulikuwa milima ya California, kilomita 161 za Western States.

Jamaa alitaka kumaliza chini ya saa 14, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya. Akaondoka kwa kasi ya kutisha, kwanza kwenye theluji, kisha jua likawaka. Tumbo likagoma. Kila alichokunywa kilirudi, na hapo hata umpe ndoo nzima ya maji haisaidii, maana damu nyingi imekimbilia miguuni na kwenye ngozi, tumbo halinyonyi kitu. Akaachia ngazi Rucky Chucky, karibu na kilomita ya 125. Ryan Sandes wa Afrika Kusini akabeba taji.

Walmsley alirudi 2018, joto likiwa kali vilevile, akashinda kwa saa 14 na dakika 30, rekodi mpya. Mwaka 2019 akaishusha tena: saa 14 na dakika tisa.