Mdudu mpya wa mtoni aliyepewa jina la korona

Mwaka 2021, wanasayansi nchini Kosovo, kusini-mashariki mwa Ulaya, walitangaza spishi mpya ya mdudu na kuiita Potamophylax coronavirus. Je, mdudu huyu analeta korona? Hapana. Jina lake ni onyo kuhusu mito, na onyo hilo linatuhusu hata sisi.

Ni mdudu gani huyu?

Ni wa kundi ambalo wataalamu huliita Trikoptera, yaani wenye mabawa ya nywele. Akikomaa hufanana na nondo mdogo, kama wale wanaozunguka taa usiku. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha majini akiwa buu. Mabuu wengi wa kundi hili hutoa uzi laini, kisha hugandisha punje za mchanga, vijiti au vipande vya majani na kujitengenezea kijumba. Buu hutambaa nacho kila aendako, kama konokono na gamba lake. Duniani zimetambuliwa spishi zaidi ya 14,000 za kundi hili.

Spishi mpya maana yake nini?

Si kwamba mdudu ameanza kuwepo juzi. Alikuwepo siku zote, ila hakuna aliyekuwa amemtofautisha na ndugu zake kisayansi. Watafiti wakiongozwa na Halil Ibrahimi wa Chuo Kikuu cha Prishtina walimchunguza kwa hadubini. Kwa wadudu hawa kutazama rangi na mabawa hakutoshi. Tofauti huonekana zaidi katika viungo vya uzazi vya dume. Walilinganisha pia vinasaba. Wakabaini kwamba ni mdogo kuliko jamaa zake, na kwamba anaishi milimani, mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Kwa nini jina la korona?

Wadudu hao walikusanywa miaka michache kabla, lakini kazi ya kuwaeleza ilikamilishwa wakati wa janga la korona. Kuna na sababu ya pili. Alikopatikana ni bonde la mto Lumbardhi i Deçanit, ndani ya hifadhi ya taifa ya Bjeshkët e Nemuna. Pamoja na kuwa hifadhini, mto huo umeharibiwa na ujenzi wa mitambo ya umeme wa maji. Mara nyingi mitambo midogo ya aina hii huingiza maji ya mto kwenye bomba, na kipande cha mto hubaki na maji machache. Buu aliyezoea maji baridi yanayotiririka hana pa kwenda. Kwa jina hilo, watafiti walisema kwamba viumbe wa mitoni nao wana janga lao, linaloua kimyakimya.

Sisi linatuhusu vipi?

Mito ya Afrika Mashariki nayo ina wadudu wa kundi hili. Baadhi yao hula majani yaliyoanguka mtoni, nao huliwa na samaki. Wakitoweka, mvuvi naye atasikia. Wengi wao hawavumilii uchafu, ndiyo maana wataalamu huwahesabu wanapopima afya ya mto.

Ukifika mtoni mahali salama penye mawe, inua jiwe moja taratibu. Tazama chini yake kama kuna vijumba vidogo vya mchanga au vijiti vilivyogandamana, kisha rudisha jiwe kama lilivyokuwa. Ukiviona vya aina nyingi, ni dalili njema. Vilivyokuwa vingi vikianza kupotea mwaka hadi mwaka, waulizeni viongozi wa kijiji na kamati ya maji kuna nini huko juu ya mto.

Angalizo: kuwepo kwa wadudu hawa hakumaanishi maji ni salama kunywa, kwani vijidudu vya kuhara havionekani kwa macho. Endelea kuchemsha maji ya kunywa.