Kikombe cha Mwisho Kabla ya Kisu

Siku ya kwanza ya Ramadhani, kichwa humsumbua mfungaji kuliko tumbo. Asubuhi hupita salama. Adhuhuri yuko kazini na bado ni mchangamfu. Ikifika alasiri kichwa kinaanza kugonga taratibu, na kufikia saa 11 jioni hata mlango ukibamizwa chumba cha pili anakereka. Mwenyewe husema ni njaa. Adhana ya magharibi inasikika, anafungua kwa tende na maji, anaswali, kisha anamiminiwa kahawa. Baada ya nusu saa anaongea na kucheka na watu.

Mwaka 1999, watafiti wa Riyadh, Saudia, walichapisha waliyoyaona siku hiyo ya kwanza. Asilimia 41 ya waliofunga waliumwa kichwa. Kwa wasiofunga ilikuwa asilimia 8 tu. Katika mambo yaliyochangia maumivu hayo, lililojitokeza zaidi ni kukosa kafeini, ile dawa ya asili iliyomo kwenye kahawa, majani ya chai, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu.

Mgonjwa anayesubiri upasuaji naye hufunga, ila yeye hajui magharibi yake itaingia saa ngapi.

Tuseme ni mzee wa Mombasa mwenye ngiri, mnywaji wa kahawa ya barazani, vikombe sita kwa siku tangu ujana wake. Jumatatu saa 12 jioni muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, dele lake likiwa juu ya makaa. Mzee anakunywa kimoja, anatafuna kipande cha kashata, anawaaga wenzake. Kesho saa 4 asubuhi anaingia chumba cha upasuaji. Upasuaji unakwenda vizuri, kidonda hakina shida, lakini mchana wodini anashika kichwa kwa mikono miwili. Mwanawe anadhani ni dawa ya usingizi. Jirani wa kitanda anasema ni presha. Hakuna anayekikumbuka kikombe cha jana.

Saa zenyewe zinaeleza. Mwili wa mtu mzima huondoa nusu ya kafeini kwa takriban saa 5. Kwa mtu aliyezoea kunywa kila siku, dalili za kuikosa huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia kilele kati ya saa 20 na 51, na zinaweza kudumu siku 2 hadi 9. Kwa mzee wetu, kilele hicho kinaanzia Jumanne saa 8 mchana na kinaweza kufika Jumatano saa 3 usiku. Ni muda uleule ambao kidonda kinauma, usingizi haupatikani, na manesi wanamfuatilia kwa karibu kuona kama kuna lolote limeharibika.

Kinachotokea kichwani ni hiki. Tangu mtu anapoamka, ubongo wake hukusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo hushika kwenye vipokezi vyake kama ufunguo kwenye kitasa na kuleta uchovu na usingizi. Kafeini ina umbo linalokaribiana na la adenosini. Huingia kwenye kitasa, ikakaa bila kukizungusha, na adenosini ikakosa pa kuingia. Ubongo wa mnywaji wa kila siku hujibu kwa kuongeza vitasa. Siku kafeini isipokuja, adenosini huvikuta vitasa vyote hivyo viko wazi. Mishipa ya damu ya kichwani, ambayo kafeini ilikuwa ikiibana, hutanuka, na kichwa hugonga. Pamoja nacho huja uchovu, hasira za karibu, kushindwa kutuliza mawazo, na kwa wengine kichefuchefu na mwili kuuma kama wa mtu mwenye mafua.

Mtu anaweza kudhani haya ni ya walevi wa kahawa peke yao. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu wazima 62 waliokuwa wakitumia wastani wa miligramu 235 za kafeini kwa siku. Walipopewa vidonge visivyo na kafeini bila kujua, asilimia 52 waliumwa kichwa kwa kiwango cha kati au kikali. Miligramu 235 si nyingi. Kikombe cha kahawa ya kuchuja kina takriban miligramu 95, na cha chai kati ya 40 na 50, kwa hiyo mama anayekunywa vikombe vitano vya chai kutwa nzima, na ambaye hajawahi kujiita mnywaji wa kahawa, yumo kwenye hesabu hiyo.

Madaktari wa usingizi walianza kulichunguza jambo hili kwa wagonjwa wao mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo kichwa baada ya upasuaji kilikuwa kikihesabiwa kuwa ni cha dawa za usingizi au cha hofu. Walipowauliza wagonjwa wanakunywa nini nyumbani, waliona kwamba kadiri mtu alivyozoea kafeini nyingi, ndivyo alivyoelekea zaidi kuumwa kichwa, kabla ya upasuaji na baada yake.

Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, suala hili linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu akina mama wengi hupewa ganzi ya mgongoni, na ganzi hiyo nayo ina kichwa chake. Aliyekisimulia kwa kujionea ni August Bier, daktari mpasuaji wa Ujerumani. Mwaka 1898 mjini Kiel, yeye na msaidizi wake Hildebrandt walijaribiana ganzi hiyo. Bier aliumwa kichwa kwa takriban siku 9, na aliona kwamba maumivu yalipungua kila alipolala. Chanzo chake ni maji ya uti wa mgongo yanayovuja kwenye tundu la sindano. Hadi leo hicho ndicho kipimo cha kwanza wodini: kichwa cha sindano hupanda mama akikaa au kusimama na hutulia akilala chali. Kichwa cha kukosa kafeini hakijali mtu amekaaje. Kuna pia kichwa cha tatu, kinacholetwa na shinikizo la damu la ujauzito, ambacho huweza kumpata mama hata baada ya kujifungua na ni cha hatari. Kwa hiyo mama anayeumwa kichwa baada ya kujifungua amwambie nesi mara moja. Kusiwe na ndugu wa kumtuliza kwamba ni hamu ya chai tu.

Je, mtu anywe kabla ya upasuaji au asinywe? Jibu linategemea zaidi maziwa kuliko kahawa. Mwaka 1946 Curtis Mendelson, daktari wa uzazi wa New York, alichapisha rekodi za wajawazito 44,016. Kati yao 66 walipaliwa na vitu vilivyotoka tumboni wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi. Mtu aliye macho akipaliwa hukohoa. Aliyelazwa kwa dawa hawezi, na asidi ya tumbo au chembe za chakula huingia mapafuni. Hapo ndipo mkazo wa kufunga kabla ya upasuaji ulipoongezeka, na hospitali nyingi zikashika agizo la kutotia kitu kinywani kuanzia saa 6 usiku.

Siku hizi mwongozo wa chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani unamruhusu mgonjwa mzima asiye na tatizo la tumbo kunywa vinywaji vyepesi vinavyopitisha mwanga hadi saa 2 kabla ya kulazwa. Maji yamo, chai ya rangi imo, na kahawa isiyo na maziwa imo. Maziwa hayamo. Yakifika tumboni huganda na kukaa kama chakula, ndiyo maana hupewa saa 6. Kwa kipimo hicho, kahawa chungu ya barazani iliyochujwa vizuri ina nafasi, na kikombe cha chai ya maziwa kinaweza kusababisha upasuaji uahirishwe. Hata hivyo, mwenye neno la mwisho ni daktari wa usingizi atakayemlaza mgonjwa huyo. Mwenye kisukari cha muda mrefu, mjamzito, au mtu ambaye tumbo lake huchelewa kumwaga chakula huenda akapewa saa tofauti.

Vidonge navyo vihesabiwe. Kidonge kimoja cha Panadol Extra kina miligramu 65 za kafeini, na mtu anayevimeza kila siku kwa ajili ya mgongo ni mtumiaji wa kafeini kama mnywaji wa kahawa. Baadhi ya dawa za kichwa zinazouzwa madukani huchanganya kafeini na aspirini, na aspirini hupunguza uwezo wa damu kuganda. Daktari anahitaji kulijua hilo mapema, si asubuhi ya upasuaji.

Kafeini yenyewe si adui wa mgonjwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza kwa dawa ya usingizi wanaume 8 wenye afya, kisha wakawatia kafeini kwenye mshipa. Waliamka kwa wastani wa dakika 9.6, badala ya 16.5 walipokosa kafeini. Kule Heidelberg, Ujerumani, wagonjwa 80 waliopasuliwa utumbo mpana waligawanywa mafungu mawili, wengine wakipewa kahawa mara tatu kwa siku, wengine maji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: wanywaji wa kahawa walipata choo cha kwanza baada ya wastani wa saa 60, wa maji baada ya saa 74. Aliyewahi kumuuguza mtu aliyepasuliwa tumbo anajua saa 14 za kusubiri choo ni ndefu kiasi gani.

Palipo na tarehe ya upasuaji iliyopangwa, wiki mbili zinatosha kujiandaa. Mzee wa vikombe sita anapunguza kimoja kila baada ya siku mbili, akianza na cha usiku ili usingizi wake urudi kwanza. Nafasi ya kikombe kilichoondoka inachukuliwa na mchaichai au tangawizi iliyochemshwa bila majani ya chai, kwa sababu mazoea ya kushika kitu cha moto mkononi nayo yanadai haki yake. Kichwa kikianza kuuma, anakaa siku mbili zaidi palepale alipofika kabla ya kushuka tena. Aliyepatwa na upasuaji wa dharura hana wiki mbili. Yeye, au nduguye aliyemleta, anataja tu idadi ya vikombe pamoja na dawa anazotumia, ili kichwa kikigonga wodini ijulikane pa kuanzia.

Kwa hesabu hiyo, siku ya 11 muuza kahawa anapita na dele lake, na mzee yupo barazani na wenzake, mkononi ana bilauri ya mchaichai. Siku ya 15 anapoulizwa na daktari wa usingizi alikunywa kahawa lini mara ya mwisho, ana tarehe ya kumtajia.